Mraba wa Arobaini na Moja

Kwanza tunavaa.
Suti nyeupe ya karatasi, glavu mbilimbili,
miwani, na pua ya mpira yenye vichujio.
Tsofwa anasema tumekuwa maiti wanaojichimbia.
Hacheki mtu. Mle ndani joto hula cheko.

Uwanja wa jineri, huku nyuma ya Barani,
umekatwa kwa kamba miraba arobaini.
Mhandisi Rukia anainamisha kifaa chake,
kifaa kinanusa, kinatoa namba,
kisha kijibendera: cha manjano, subiri; chekundu, chimba.
Vyekundu vimestawi hapa
kuliko pamba ilivyowahi kustawi.

Pamba iliondoka nikiwa darasa la tatu.
Dawa yake ilibaki.
Wenye kampuni walichukua mizani, mota, hata kengele,
wakatuachia ghala, mapipa,
na harufu ya kitunguu saumu kisichopikwa.

Pipa ni pipa.
Likasuguliwa kwa mchanga na sabuni ya unga,
likapata kifuniko, likapata nyumba.
Harusi ya dada yangu Mbeyu tuliteka maji humo,
na pilau ilisifiwa hadi Maweni.

Mama, mimba yangu ikiwa changa, alitamani udongo.
Si pemba ya dukani.
Ule wa ukuta wa ghala, mvua ikishapita.
Ulikuwa na ubaridi, anasema, na chumvi kwa mbali,
hajala kitamu kama kile tena.
Nimemuuliza mara mbili: ulikula kiasi gani?
Hunionyesha kiganja. Kisha hukifumba.

Baba alikuwa karani wa ghala hilo hilo.
Karani Nzaro, kalamu mbili mfukoni,
ya buluu na nyekundu.
Daftari lake tumelikuta kabatini,
mchwa wamekula pambizo, hesabu wamezisaza.
Safu ya kwanza: Yaliyoingia.
Ya pili: Yaliyotoka.
Ya tatu: Yalikokwenda,
na hiyo ni nyeupe, ukurasa kwa ukurasa,
nyeupe kama suti yangu.
Alikuwa na mwandiko mzuri. Angeulizwa, angeandika.
Nadhani hivyo. Napenda kudhani hivyo.

Tunachimba nusu mita, tunajaza magunia,
tunayafunga midomo mara mbili.
Mimi nabandika karatasi: mraba, tarehe, uzito.
Na penye Kwenda naandika nilivyoambiwa:
Ng'ambo, kuchomwa.
Ng'ambo kwa nani? Shee Kombo aliuliza wakati wa chai.
Rukia akasema tanuru lao lina vichujio.
Halafu akavua miwani iliyokuwa safi,
akaifuta.

Mkataba una miraba arobaini
na kamba inafuata ukuta.
Masika hayakuonyeshwa ramani.
Kila mwaka yalipita chini ya ukuta
yakabeba yale aliyoyabeba mama kiganjani,
hadi kwenye mchicha, hadi kisimani,
hadi uani kwetu, ambako kuku huoga vumbi.

Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini,
Rukia alipita nami penye ukuta uliobomoka.
Akakiweka kifaa chini.
Kikafikiri, kikafikiri.
Namba hakunionyesha. Alitoa kijibendera mfukoni,
akasema, fedha zimeishia ukutani,
na jina langu hili ukilitaja nitakana.
Akarudi upesi, suti ikichakarika.

Nilikichomeka mwenyewe.
Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi,
akakizunguka, akakiinamia,
chekundu, kidogo, kikipepea katikati ya vifaranga.
"Hiki nacho cha chama gani?
Uchaguzi si bado?"

Nikamwambia, Mama,
fukuza kuku hapo kwanza.